Kijapani cha ndani ya Hiace

 Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi na umeme, lakini leo nina jambo. Kuna rafiki yangu aliniuliza juzi: "Wewe kijana wa Majita, hiyo habari ya kujifunza Kijapani umeitoa wapi? Una mjomba Tokyo?" Sina mjomba Tokyo. Nimemjibu kuwa Kijapani nilikikuta hapa hapa Musoma, kimeegeshwa stendi ya Bweri, kinaita abiria wa Bunda.

Anayebisha aende Bweri asubuhi. Atazame ubavuni mwa Hiace na Coaster. Kuna zilizobaki na jina la shule ya chekechea ya huko Japani, kuna zenye jina la hoteli, nyingine la kampuni ya kusafisha nguo. Nyuma kabisa, juu ya mlango wa dharura, zipo herufi tatu nyekundu ambazo nimezitazama tangu nikiwa mdogo bila kujua zinasema nini. Siku hizi najua. Zinasomeka "hijoguchi", yaani mlango wa dharura. Guchi (ikiwa peke yake ni kuchi) ni mdomo. Kwa hiyo gari lina mdomo wa dharura! Mara ngapi tumekaa siti ya nyuma, tumebanwa na magunia ya dagaa, na maelekezo ya kujiokoa yako juu ya kichwa chetu katika lugha ambayo hakuna ndani ya gari anayeisoma, kuanzia dereva mpaka konda?

Dereva mmoja namfahamu, kila akiwasha gari lake asubuhi sauti ya dada inamsemesha kwa adabu sana. Yeye humjibu, "Nimekusikia mama, twende." Miaka yote alidhani anasalimiwa. Kumbe yule dada analalamika kuwa kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mtambo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama. Sasa kati ya Bweri na Bunda kadi hiyo angeichomeka ailipe nani? Nilipomfasiria alicheka mpaka akatoka machozi, halafu akasema, "Basi usiniambie zaidi, niache nisalimiwe."

Na redio je? Wenye magari kutoka Japani wanajua taabu yake. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na redio za magari yao zikatengenezwa hivyo. Stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, mpaka 108. Ndiyo maana unanunua gari, unawasha redio, unaambulia mvumo mtupu. Fundi anakuwekea kile kidude cha kushusha masafa, ndipo unapata taarifa ya habari. Hata hapo namba inayoonekana kwenye kioo si namba ya stesheni unayosikiliza. Yaani gari linaendelea kuamini kuwa liko Japani.

Haya. Hayo ndiyo yalikuwa madarasa yangu ya mwanzo. Sasa niwaeleze nilivyoendelea, kwa sababu kuna jambo kubwa zaidi ya magari nataka tulifikie, nalo linahusu watoto wetu.

Mnajua kuwa Japani imekuwa ikileta vijana wa kujitolea Tanzania tangu miaka ya 1960. Wengi wamefundisha sayansi na hisabati katika shule za sekondari. Mmoja wao alifika huku kwetu, dada wa umri wangu, akafundisha hisabati kwa miaka 2. Jina lake simtaji maana sikumwomba ruhusa. Sisi tulimwita Sensei, yaani mwalimu. Alikuwa na tabia moja: hakupenda kukaa na kitabu cha lugha. Kiswahili alikwenda kukitafuta kijiweni kwenye bao, sokoni Nyasho, na Mwigobero kwenye mitumbwi. Mimi nilikuwa nikimfuata kwa sababu ya uandishi, nilidhani nitapata makala. Makala sikuandika, lakini nilipata lugha.

Siku ya kwanza kumpeleka Mwigobero alisimama mbele ya dagaa walioanikwa akakaa kimya muda mrefu. Nikajua harufu imemshinda. Kumbe anakumbuka kwao. Akaniambia Wajapani nao wana visamaki vidogo wanaovichemsha na kuvikausha, vinaitwa niboshi, na mama zao huvichemsha kupata mchuzi uitwao dashi, ambao ndiyo msingi wa supu nyingi za kwao. Alinunua sado moja. Jioni akatupikia supu ya dagaa wa Musoma kwa mtindo wa kwao. Tangu siku hiyo maneno niboshi na dashi sijayasahau hata siku moja, na sikuyaandika popote. Tumbo lina kumbukumbu nzuri kuliko daftari.

Pale pale Mwigobero nikajifunza na jambo la sangara. Minofu ya sangara wa ziwa letu ilikuwa ikisafirishwa mpaka Japani, na zamani kule ilikuwa ikiuzwa kwa jina la "shiro suzuki". Shiro ni nyeupe. Suzuki ni samaki wa baharini wa huko kwao anayefanana naye. (Suzuki ya magari ni jina la ukoo, linaandikwa kwa herufi nyingine kabisa, ila sauti ni ile ile.) Mvuvi mmoja mzee alipoelezwa alisema, "Kumbe biashara ni hiyo? Sisi tunawapelekea Suzuki za kula, wao wanatuletea Suzuki za kupanda." Sina la kuongeza.

Sasa mtaniuliza: Kijapani si kigumu? Kuandika ni kugumu, sitawadanganya. Lakini kusema! Ndugu yangu Mswahili, Kijapani kimekaa mdomoni mwako tayari. Irabu zao ni 5, a, i, u, e, o, na zinatamkwa kama zetu. Silabi zao karibu zote huishia na irabu. Samaki kwao ni sakana. Mlima ni yama. Mzungu akisema sakana unasikia kabisa amekwama mahali. Sisi tunapita tu kama tunapita Kiabakari.

Na maneno mengine tumegongana nao bila kupanga. Ua kwao ni hana. Mto ni kawa, na watu wa pwani mnajua kawa ni la kufunikia chakula. Mwavuli ni kasa. Kiboko ni kaba, na mtu wa ziwani akisikia "kaba" karibu na kiboko anaelewa vizuri kabisa. Pweza wanamwita jina ambalo nikiliandika hapa mama yangu atanipigia simu, na kuna mnyama mmoja mkubwa wa misituni mwao ambaye Sensei alimtaja mbele ya wazee wa bao, wazee wakainamisha vichwa, na mimi nikalazimika kumpeleka pembeni kumweleza. Hakumtaja tena mpaka anaondoka.

Ila kuna neno moja ambalo halikugongana kwa bahati. Sisi tunacheza karata. Wao wana karuta. Neno ni moja, na aliyelileta ni mmoja: Mreno. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498, na Wareno walifika Japani mwaka 1543, na kote walikopita waliacha jina la kadi zao. Sisi tukabaki na kopa na shupaza pia, ambazo nazo ni za Mreno. Kwa hiyo unapomwona kijana wa Musoma anapiga karata chini ya mwembe, ujue kuna historia ya bahari mbili mkononi mwake.

Lakini tazameni Wajapani walivyoifanya hiyo karuta. Wana mchezo unaotumia mashairi 100 ya kale, ya washairi 100, kila mmoja shairi moja. Kadi za nusu ya pili ya shairi hutandazwa sakafuni. Msomaji anaanza kughani shairi, na wachezaji wanawania kuipiga kadi yake kabla ya mwenzao. Aliyehifadhi mashairi vizuri haisubiri beti imalizike, silabi za kwanza tu zinamtosha. Huchezwa hasa wakati wa mwaka mpya, nyumbani na hata katika mashindano. Fikiria: watoto wanajua lugha ya mababu wa miaka mingi iliyopita kwa sababu wanataka kumshinda dada yao! Hakuna fimbo hapo. Kuna kadi na kelele.

Mchezo mwingine unaitwa shiritori, nao hauhitaji hata kadi. Mtu anasema neno, anayefuata anachukua silabi ya mwisho na kuanzia neno lake. Kwa Kijapani, ukisema neno linaloishia na "n" umeshindwa, kwa kuwa hakuna neno la kuanzia hapo. Siku moja tuko ndani ya Hiace tunakwenda Bunda, Sensei akasema tujaribu kwa Kiswahili. Samaki, kisima, machozi, ziwa, wali, limau, uta... Tukaenda, tukaenda. Konda akaingia. Mama mmoja aliyepandia Makutano akaingia. Ndipo tukagundua tatizo: Kiswahili karibu hakina neno linaloishia na "n"! Mchezo wa kwao ukichezwa kwa lugha yetu karibu hauna mwisho. Mtafika Mwanza mnacheza.

Lakini yule mama wa Makutano alikuwa mjanja. Mtu akasema "tonge", yeye akasema "nge". Nge huanza na nge na kuishia na nge! Konda zamu yake ikafika, akakwama. Gari zima likaanza kumsaidia, hakuna aliyepata. Tumepita Kiabakari watu bado wanahangaika na nge, ndipo mzee mmoja wa siti ya nyuma, aliyekuwa kama amelala, akafumbua jicho moja akasema: "Ngeli." Makofi!

Sensei akauliza, ngeli ni nini? Sasa hapo ndipo nilipoona maajabu. Mzee (kumbe alikuwa mwalimu mstaafu) akamweleza: mtu na watu, mti na miti, kiti na viti. Kila kitu kina kundi lake na kila kundi lina adabu yake katika sentensi. Sensei akafurahi, akasema hata wao wana jambo linalofanana, ila linaonekana wakati wa kuhesabu. Vitu virefu kama penseli vina namna yake ya kuhesabiwa, vitu bapa kama karatasi vina yake, wanyama wadogo yao. Penseli moja ni "ippon", karatasi moja ni "ichimai". Mpaka tunashuka Bunda, abiria wa Hiace walikuwa wamepewa somo la sarufi ya lugha mbili, na hakuna aliyesinzia. Sarufi ile ile inayowalaza wanafunzi saa nane mchana!

Naam. Nyumbani mambo yakawa hivyo hivyo. Jirani yetu ana kijana wa darasa la sita anayefanya karate. Karate Tanzania ina historia yake. Miaka ya 1970 mwalimu Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam, na wanafunzi wa wanafunzi wameusambaza. Yule dogo kila jioni anahesabu uani: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, kyu, ju. Anajua hajime ni anza, yame ni acha, rei ni kuinama kwa heshima. Nikamuuliza hiyo ni lugha gani? Akajibu bila wasiwasi: "Kikarate." Nikamwambia kara ni tupu, na te ni mkono. Karate ni mkono mtupu. Na karaoke ya baa ni okestra tupu, yaani ala zipo, mwimbaji hayupo. Na zile picha za kucheka na kulia anazotuma kwa simu ya mama yake, emoji, si Kiingereza, e ni picha na moji ni herufi. Macho yakamtoka. Tangu siku hiyo ananifuata kila Jumamosi na daftari.

Mama yake ndiye aliyeniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya. Alisema, "Baba, nashukuru unamfundisha. Lakini mwanangu Kiingereza chenyewe hajui, na mwalimu wake anasema ni kwa sababu nyumbani tunaongea Kijita. Ametushauri tuache. Sasa wewe unamwongezea Kijapani. Kichwa cha mtoto si kitapasuka?"

Ndugu zangu, nililala na swali hilo.

Mimi nilisoma shule ya msingi ambayo ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukiongea lugha ya nyumbani unavikwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako naye akiongea. Wa mwisho kuwa nacho jioni anakula fimbo. Wengi wa umri wangu mnakijua. Kibao kile hakikutufundisha Kiswahili wala Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza na kupelelezana. Kiswahili chetu tulikipata kwenye mpira, kwenye nyimbo za redio, kwenye kuigiza watangazaji. Na Kijita tulikipata kwa bibi, tukichambua mihogo usiku.

Sasa nisikilizeni jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Katika Kijapani kuna maneno yanayoandikwa sawa kwa herufi zetu lakini yanatofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa matamshi ya Tokyo, hashi ukianza juu ukashuka ni vijiti vya kulia chakula, ukianza chini ukapanda ni daraja. Ame ukianza juu ni mvua, ukianza chini ni peremende. Kiswahili hakina mchezo huo. Kiingereza nacho hakibadilishi neno namna hiyo. Lakini Kijita kinao! Ni lugha ya toni, na wanaisimu wameandika vitabu juu yake. Sensei alipokuwa ananipima, alishangaa nasikia tofauti ambazo wageni wengi hazisikii. Aliuliza nimejifunza wapi. Nilijifunza kwa bibi, kwenye mihogo. Sikio lile lile ambalo shule ilitaka kulifunga kwa kibao ndilo lililonifungulia Kijapani.

Na si toni peke yake. Chukua neno la Kijapani "tabesaserareta". Linatisha, sivyo? Mwalimu wa kutumia Kiingereza atakueleza nusu saa. Mimi nakueleza kwa neno moja: alilishwa. Tabe ni kula, sase ni ile "-sha" ya kumfanya mtu afanye, rare ni ile "-wa" ya kutendwa, na ta ni ile "-li-" ya wakati uliopita. Wao wanabandika mkiani, sisi tunabandika mbele na nyuma. Mbantu anajua kubandika tangu tumboni.

Au salamu. Wajapani wakimaliza kazi huambiana "otsukaresama". Wanaotumia Kiingereza huhangaika kulifasiri. Kwetu ni "pole na kazi", basi, kwisha. Mtu akirudi nyumbani anasema "tadaima", na waliomo ndani wanaitikia "okaeri". Mtoto aliyefundishwa hodi na karibu, aliyefundishwa kuamkia wakubwa shikamoo, anaelewa mara moja kuwa neno linaweza kuwa heshima kabla halijawa habari.

Kwa hiyo lugha ya nyumbani haijazi kichwa ikakosesha nafasi nyingine. Inachimba msingi. Huku Mara tuna Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kisimbiti, Kikabwa, Kijaluo na nyinginezo. Kizanaki kina irabu 7, mbili zaidi ya Kiswahili na Kijapani. Mtoto wa Butiama anaanza maisha akiwa na mali ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu ughaibuni analipia ada kuipata, halafu sisi tunamvika kibao.

Mkitaka ushahidi, msiende mbali. Nendeni Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito, akakulia katika Kizanaki. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kuwa alipenda bao tangu utotoni, na kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, huko upande wa Bunda, ni katika watu walioona akili ya mtoto yule kwenye bao na kumshauri baba yake ampeleke shule. Yaani aliyemfungulia Mwalimu mlango wa elimu si mtihani. Ni mchezo! Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akaingia Shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, na Kiswahili akakitwaa akiwa shuleni. Mtoto yule wa Kizanaki ndiye aliyekuja kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kizanaki kilimpunguzia nini?

Kuhusu bao, niongeze kidogo. Wajapani wana mchezo wa ubaoni uitwao shogi, ndugu wa sataranji. Kitu kimoja kinaupambanua: kete uliyomla adui haitupwi nje, inakuwa yako na unaweza kuirudisha uwanjani ikupiganie. Sensei alipoona wazee wa kijiweni wanakula kete na kuzitembeza upande wao wenyewe, aliruka, akasema "Kama shogi!" Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, huku kwetu mateka hatuui, tunamwoza." Hiyo ndiyo lugha ninayosema mimi. Neno ulilolila kwa jirani haliko nje ya ubao, ni kete yako.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa Kenya. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Japani Februari 2005, miezi michache baada ya Tuzo ya Nobel, akakutana na neno "mottainai". Maana yake ni masikitiko ya kuona kitu chenye thamani kinapotea bure. Alilipenda, akalibeba mpaka Umoja wa Mataifa mwezi uliofuata, akalitumia kwa kampeni ya mazingira. Neno moja la jikoni, ambalo mama wa Kijapani humwambia mtoto anayeacha wali kwenye bakuli! Hakuwa msomi wa Kijapani. Lakini thamani ya neno hilo aliitambua. Nami naliona kila siku. Mtoto wa Majita anapofundishwa kuona haya kuongea na bibi yake, hiyo ni mottainai.

Nilimrudia mama wa dogo nikamjibu hivi. Kwanza, Kijita endeleeni. Pili, Kiingereza mpeni kwa njia ile ile aliyopata "Kikarate", kwa kitu anachokipenda, mpira, nyimbo, katuni, si kwa kibao. Tatu, Kijapani si mzaha. Serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo kupitia ubalozi wake, na wanaokwenda kusoma shahada ya kwanza huanza na mwaka wa kusoma lugha. Kuna mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, ambao tangu 2010 una ngazi 5, na umekuwa ukifanyika Nairobi. Kwa mtu wa Musoma, Nairobi ni karibu kuliko Dar, unavuka tu Sirari. Idhaa ya Kiswahili ya NHK imetoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, bure. Na kama mnadhani ni sisi tu tunaowakimbilia, Osaka wana chuo kikuu kinachofundisha Kiswahili, na Wajapani wameandika kamusi ya lugha yetu.

Alisikiliza yote, akauliza moja tu: "Na huko Japani wanawapiga watoto wakiongea cha bibi yao?" Nikamwambia ukweli, kwamba kwao nako imetokea. Huko Okinawa, visiwa ambavyo hiyo karate yenyewe ilitoka, zamani watoto wa shule walivikwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Kibao kile kile, kamba ile ile, na cha mwenzako kukukamata. Leo lugha za visiwa hivyo ziko hatarini, vijana wengi hawaziwezi, na wapo wazee na walimu wanaohangaika kuzifufua. Mama akanyamaza. Halafu akamwita mwanawe aje ale, akamwita kwa Kijita, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia.

Basi wasomaji wangu, niwape kazi ya nyumbani. Leo jioni umeme ukikatika (na utakatika), kaeni na watoto mcheze shiritori. Raundi ya kwanza Kiswahili. Raundi ya pili lugha ya bibi, Kizanaki, Kikuria, Kihaya, Kinyakyusa, yoyote ile. Atakayekwama amuulize mkubwa aliye karibu. Na kama mkubwa naye amekwama, pigeni simu kijijini, vocha ya dakika chache haiuzidi utajiri huo. Mkifika kwenye "nge" mnajua la kufanya.

Nawatakia wikiendi njema. Otsukaresama!